Raigrasi yangu imeungua kwa barafu: niing'oe au nisubiri?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mfugaji wa Makete, mkoa wa Njombe, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Nina ng'ombe watatu wa maziwa, chotara wa Friesian. Mabingobingo yangu huungua kila mwaka ikifika Juni, kwa hiyo mwezi wa pili nilipanda raigrasi, ile nyasi ya malisho ya nchi za baridi, nusu ekari kwenye kinyungu, kwa sababu kule bondeni kuna unyevu. Muuzaji aliniambia mbegu imetoka Ulaya na inahimili hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Ilikua vizuri. Mwishoni mwa Juni niliishiwa majani, nikaikata mpaka chini kabisa, nikaweka na urea ili ichipue haraka. Siku chache baadaye barafu ikapiga usiku mbili mfululizo. Sasa shamba lote ni la kahawia, isipokuwa kipande ambacho nilikuwa sijakikata. Hicho kimeungua ncha tu. Jirani anasema imekufa, nilime nipande viazi mvua zikianza. Mwingine anasema ningewasha moto wa moshi usiku ningeiokoa. Je, nimeuziwa mbegu feki? Niing'oe? Na majani yaliyoungua yana sumu kwa ng'ombe?"

Pole sana kwa shamba, ndugu yangu. Usiing'oe bado. Kwa ulivyoeleza, sehemu kubwa ya raigrasi hiyo huenda ingali hai chini ya ule ukahawia. Kuhusu mbegu feki, kile kipande ambacho hukukikata kimekwisha kukujibu: mbegu ni ileile, bonde ni lilelile na usiku ni uleule. Kilichotofautiana ni mundu na urea. Nitakueleza kwa nini vitu viwili hivyo vina uzito kuliko namba aliyokutajia muuzaji, maana ukielewa hapo utaweza kuamua mwenyewe mwaka huu na miaka ijayo.

Tuanze na barafu yenyewe inavyoua. Wengi huamini kwamba maji huganda ndani ya seli za jani na kuzipasua. Hilo likitokea kweli seli hufa papo hapo, lakini kwenye nyasi hutokea mara chache. Maji ya jani yako sehemu mbili: ndani ya seli, na kwenye nafasi ndogo zilizo kati ya seli na seli. Yale ya nje hayana sukari wala chumvi nyingi, kwa hiyo ndiyo yanayoganda kwanza. Barafu ikishaota pale nje huanza kuvuta maji yaliyomo ndani, na seli inazidi kunywea kadiri usiku unavyozidi kuwa baridi. Kwa hiyo jani lililogandishwa linakufa kwa ukavu, ingawa limezungukwa na maji. Utando wa seli unajikunja na kupoteza mpangilio wake, na asubuhi barafu inapoyeyuka unashindwa kuyashika maji yanayorudi, yanavuja ovyo. Ndiyo sababu saa mbili au saa tatu asubuhi jani lililopigwa huonekana limelowa, limelegea, kijani chake kimekoza, na kufika alasiri limekauka na kubadilika rangi.

Hapo pia ndipo inapoeleweka kwa nini usiku fulani wa baridi kali haufanyi kitu na mwingine unaunguza shamba zima. Maji ya jani hayagandi lazima kwenye sifuri. Yanaweza kushuka nyuzi mbili, tatu chini yake yakabaki maji, mpaka kitu fulani kiyaanzishe kuganda: tone la umande lililoganda juu ya jani, au bakteria wa kawaida wanaoishi juu ya majani, ambao ngozi yao ina protini inayoanzisha barafu kwenye nyuzi kama mbili chini ya sifuri. Ikishaanza, barafu husambaa ndani ya jani kwa kasi.

Sasa nyasi hujiteteaje? Raigrasi, koksifuti, festuka na timothi ni nyasi za nchi za baridi, na zina uwezo ambao mabingobingo hayana. Zikipata wiki mbili, tatu mfululizo za baridi ya wastani, kati ya nyuzi kama 2 na 8 juu ya sifuri, hubadilika kwa ndani. Hupunguza maji katika tishu zake. Hubadilisha mafuta ya utando wa seli ili yabaki laini kwenye baridi. Hutengeneza protini zinazozuia chembe ndogo za barafu zisiungane kuwa kubwa. Raigrasi ya kudumu inasifika kwa hilo. Na juu ya yote hujaza sukari, hasa ile iitwayo fruktani, katika sentimita chache za chini kabisa za shina, pale linapokutana na udongo. Sukari hiyo huzuia seli isinywee kupita kiasi, hushikilia utando, na baadaye ndiyo chakula cha chipukizi jipya. Sehemu hiyo ya chini nitaiita kitako, na naomba uichukulie kama ghala la kaya: majani yote yanaweza kuteketea, lakini ghala likiwa na akiba kaya itavuka.

Na hapa ndipo namba ya muuzaji inapopoteza maana. Ni kweli raigrasi ya kudumu inaweza kufika nyuzi 12 hadi 15 chini ya sifuri kabla ya nusu ya mimea kufa. Lakini namba hiyo hupimwa kwenye mmea uliokwisha kujizoeza baridi kikamilifu. Mmea huohuo ukichukuliwa kwenye joto, katikati ya ukuaji, haufiki hata nusu ya hapo. Uvumilivu haukai kwenye mbegu daima ukisubiri kutumika. Mmea huujenga polepole kwa wiki kadhaa, kwa kutumia sukari, na unaweza kuupoteza kwa siku chache za joto. Muuzaji hakukudanganya, ila alikupa namba ya Ulaya bila kukupa majira ya baridi ya Ulaya.

Kwenu mambo ni tofauti kabisa. Ulaya ya kaskazini baridi huingia taratibu, mchana unafupika, na nyasi zinalala. Stockholm, Sweden, mchana wa Desemba ni wa saa sita hivi, na wa Juni unazidi saa kumi na nane. Makete, kwenye nyuzi 9 kusini ya ikweta, tofauti kati ya Juni na Desemba ni kama saa moja tu. Usiku wa Julai unashuka chini ya sifuri, kisha saa sita mchana jua ni kali na joto linapanda nyuzi 15 au zaidi. Nyasi zenu zinajizoeza kiasi, kwa sababu usiku wa Mei na Juni huwa baridi mfululizo, lakini kila mchana huzivuta kurudi kwenye kukua. Zinafika Julai zikiwa zimejizoeza nusunusu. Ukiziongezea kishawishi cha kukua, unazitoa hata kwenye hiyo nusu.

Upo upande mzuri wa jambo hili, na ni mkubwa. Udongo wenu haugandi kwa kina. Barafu ya nyanda za juu za kwetu ni ya juujuu: ardhi na majani hutoa joto kuelekea anga lililo wazi, hewa iliyo karibu na nyasi inapoa, na kipimajoto kilichofungwa usawa wa kifua kinaweza kusoma nyuzi 2 juu ya sifuri wakati jani lililo chini yake liko nyuzi 2 au 3 chini. Lakini sentimita mbili ndani ya udongo bado kuna joto la jana. Kwa hiyo kitako cha raigrasi iliyokwisha kushika mizizi ni nadra sana kufa kwa baridi yenyewe huko Makete. Kikifa, mara nyingi kimekufa kwa njaa: majani yameteketea, ghala lilikuwa tupu, hakuna cha kuchipulia. Tahadhari ni kwa miche michanga peke yake. Kwenye udongo ulio wazi na wenye maji, barafu huota kama sindano na kuinyanyua miche mpaka mizizi inaning'inia juani.

Sasa urudi shambani kwako mwishoni mwa Juni. Ulipokata mpaka chini, uliondoa majani na sehemu kubwa ya ghala lenyewe, kwa sababu ghala liko katika zile sentimita tano, sita za chini ambazo mundu ulipitia. Kilichobaki kikatumika kuchipua. Raigrasi iliyokatwa huishi kwa akiba siku za mwanzo, mpaka jani la kwanza lianze kujitegemea. Urea ikasukuma chipukizi lije haraka, laini, lenye maji mengi na sukari kidogo, yaani kinyume cha yale yote niliyoyaeleza. Barafu ikalikuta limetoka siku chache tu. Kile kipande kingine kilikuwa na majani yake kamili, ghala limejaa, hakina ulaini mpya. Kimeungua ncha, basi. Sikulaumu, ng'ombe watatu wakilia njaa mtu hukata kilichopo. Nataka tu uone kwamba tatizo linarekebishika.

La tatu ni bonde. Umefanya uamuzi wa busara kwa upande wa maji, maana kuanzia Juni hadi mvua za Novemba mlimani kwenu kunakauka, na mizizi ya raigrasi ni mifupi. Lakini hewa baridi ni nzito kuliko ya joto. Usiku usio na upepo huteremka kutoka miteremkoni na kutuama kwenye vinyungu. Mita kumi, ishirini za mwinuko zinaweza kutenganisha shamba lililoungua na lililopona. Angalia upande wa chini wa shamba lako. Kama kuna mstari wa miti au ua mnene umeziba, unazuia ile hewa isitoke. Fungua pengo hapo. Miti iliyo upande wa juu iache, kwa sababu huipunguza hewa hiyo kabla haijafika.

Hili la hewa tulivu na anga wazi halihusu Makete peke yake. Januari 2012 barafu iliunguza mashamba makubwa ya chai Kericho na Nandi, Kenya, karibu kabisa na ikweta, katika miezi ya kiangazi ambayo wengi huihesabu kuwa ya joto. Usiku wa kuogopa ni ule mkavu, wenye nyota, ambao hata jani halitikisiki. Mawingu na upepo ni rafiki zako.

Nije kwenye la kufanya sasa. Subiri siku saba hadi kumi tangu usiku wa mwisho wa barafu, kisha ng'oa mimea michache kutoka sehemu ya chini ya bonde, ya kati na ya juu. Ipasue kitako kwa kisu, wima. Ndani kukiwa cheupe na kigumu, mmea u hai. Kukiwa kahawia, kumelegea na kutoa maji, umekufa. Kama macho hayakuridhishi, panda mingine kwenye makopo, uiweke ndani ya nyumba penye mwanga na uimwagilie. Ndani ya wiki mbili hivi itakuwa imetoa majani mapya au imekataa. Ukikuta zaidi ya nusu iko hai, iache shamba. Ikiwa hai ni theluthi hivi, iache pia, ila mvua zikianza uongeze mbegu kwenye mapengo. Chini ya hapo jirani yako atakuwa na hoja, na viazi si wazo baya kwa msimu mmoja.

Wakati unangoja, usiongeze urea. Usikate yale majani makavu, hata kama yanakera macho. Yamekufa lakini yanakikinga kitako usiku unaofuata. Festuka za porini zinazoota juu Mlima Kenya, ndugu wa festuka za malisho, huishi hivyo kwenye baridi ya usiku wowote wa mwaka: majani ya zamani hayadondoki, yanabaki yamelizunguka chipukizi miaka mingi. Usiruhusu ng'ombe waingie shambani alfajiri, kwa sababu jani lililoganda likikanyagwa huvunjika seli hata kama barafu peke yake isingeliua. Udongo ukikauka mwagilia, lakini iwe asubuhi au mchana na maji yaende ardhini. Udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana na kulitoa usiku. Majani yaliyoloweshwa jioni ndiyo yanayoanza kuganda.

Ule ushauri wa moto wa moshi uachane nao. Moshi hauzuii joto la ardhi kupotea angani kama wingu linavyozuia, na joto la moto mmoja mkubwa hupanda juu likaiacha nyasi palepale. Kuna wakulima wa mazao ya bei kubwa wanaorusha maji usiku kucha, kwa sababu maji yakiganda hutoa joto. Njia hiyo ni ya kweli, lakini maji yakikatika kabla ya jua hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kwa nusu ekari ya malisho haina faida.

Mkato unaofuata uhesabu kwa majani, usihesabu kwa wiki. Chipukizi la raigrasi hubeba majani matatu hai kwa wakati mmoja; likitoa la nne, la kwanza linakufa. Jani la tatu linapokamilika ndipo ghala linakuwa limejaa tena. Ukikata kwenye jani la kwanza unakula akiba, na ukirudia mara mbili, tatu shamba linakwisha bila barafu yoyote. Urefu wa kuacha ni sentimita tano au sita wakati wa mvua, na nane hadi kumi kuanzia Mei. Kwenye baridi kila jani linaweza kuchukua wiki mbili hadi tatu kutoka. Kwa hiyo kama barafu yenu huanza katikati ya Juni, mkato mfupi wa mwisho uwe katikati ya Aprili. Baada ya hapo chukua vya juu tu. Urea nayo ya mwisho iwe baada ya mkato huohuo wa Aprili. Kirutubisho kinachosaidia kuelekea baridi ni potasiamu, na ng'ombe wako wanaitoa kila siku katika mkojo. Majivu ya jikoni pia yanayo. Yarudishe shambani.

Kuna jambo moja ulikague kabla ya kupanga yote hayo. Zipo raigrasi za kudumu na zipo za mwaka mmoja, na madukani zote huitwa raigrasi. Ya kudumu huhitaji kipindi cha baridi na kisha mchana mrefu ndipo itoe masuke, na mchana mrefu Makete haupo. Kwa hiyo hubaki majani matupu miaka yote. Ya mwaka mmoja hutoa masuke bila kuhitaji baridi, ikishamaliza hufa, na hakuna utunzaji utakaoizuia. Kama shamba lako lilishatoa masuke mengi ifikapo Mei, basi umepanda ya mwaka mmoja, na mpango wako uwe wa kupanda upya kila Novemba. Soma mfuko: Lolium perenne ni ya kudumu, Lolium multiflorum ni ya muda mfupi. Uangalie pia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Ukiniuliza ingekuwa shamba langu ningepanda nini, nisingeacha raigrasi, ila nisingeitegemea peke yake. Ningechanganya na koksifuti, ambayo mizizi yake huenda chini zaidi na huvumilia kiangazi chenu vizuri kuliko raigrasi, ingawa huanza polepole na ng'ombe huipenda kidogo kuliko raigrasi. Festuka ndefu ni ngumu zaidi kwa baridi na ukame, lakini baadhi ya aina zake za zamani hubeba kuvu ndani ya mmea anayetoa sumu inayopunguza maziwa na kuharibu miguu. Usinunue bila kuhakikisha kwamba aina hiyo haina kuvu huyo. Timothi ndiyo bingwa wa barafu, inapita nyuzi 20 chini ya sifuri ikijizoeza, na bado sikushauri uipande. Nyasi zilizozaliwa kwa ajili ya kaskazini ya mbali husoma urefu wa mchana, na mchana wenu wa saa kumi na mbili huziambia zibaki zimelala. Utakuwa na nyasi isiyokufa na isiyokua. Usifuate namba ya barafu pekee unapochagua mbegu. Kwenu unatafuta nyasi inayoendelea kukua wakati wa baridi na inayoweza kuchipua tena ikipigwa.

Usidharau za kwetu pia. Majani ya Kikuyu huungua juu lakini mashina yake ya chini ya ardhi hupona na kuchipua mvua zikirudi. Nyasi ya setaria ya aina ya Narok, iliyochaguliwa Australia kwa sababu ya kuvumilia barafu, asili yake ni mbegu iliyochukuliwa nyanda za juu za Kenya. Mabingobingo yahamishie mteremkoni, juu ya usawa wa bonde, na uyakate yote mwishoni mwa Mei uyasindike saileji, yaani uyashindilie na kuyafunika yasipate hewa, kabla hayajaungua. Oti nayo ni msaada mkubwa: panda Februari au mwanzo wa Machi, vuna ikianza kutoa masuke kabla ya Juni, kausha uweke. Wakati wa kuchanua oti huumizwa na baridi ndogo sana, kwa hiyo usiiache ivuke hapo. Kwa kweli hei (majani yaliyokaushwa) na saileji za Aprili na Mei ndizo zitakazoiokoa raigrasi yako, kwa sababu mwenye chakula ghalani halazimiki kukata mpaka chini mwezi wa sita.

Raigrasi yenyewe usipande tena Februari. Panda mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, ili mmea ufike Juni ukiwa na machipukizi mengi na kitako kinene.

La mwisho ni sumu. Raigrasi, koksifuti na mabingobingo yaliyoungua hayageuki sumu kwa sababu ya barafu peke yake. Yanapoteza ubora haraka, kwa hiyo mabingobingo yaliyopigwa yakate ndani ya siku mbili, tatu uwape ng'ombe. Hatari iko sehemu tatu. Ya kwanza ni mtama na nyasi za jamii yake: vikipigwa na barafu hutoa sumu ya sianidi inayoweza kuua ng'ombe kwa muda mfupi. Usilishe mpaka vikauke kabisa, angalau wiki nzima, na vichipukizi vifupi vinavyofuata usiviguse. Ya pili ni klova na alfalfa, malisho ya jamii ya kunde, zilizonyauka kwa barafu, ambazo huongeza hatari ya tumbo kujaa gesi. Ngoja zikauke na usiwape ng'ombe wakiwa na njaa.

Ya tatu inakuhusu wewe moja kwa moja. Nyasi iliyowekewa urea, kisha ukuaji ukakatizwa na baridi, inaweza kulundika naitreti, chumvi ya naitrojeni iliyo sumu ikizidi, kwenye mashina. Kipande chako kilichokatwa kiko katika hali hiyo sasa. Usikilishe kwa wiki mbili hivi, na ukianza changanya na majani makavu, kidogokidogo. Ng'ombe akionekana anahema kwa kasi, anayumba, anatetemeka, au damu na ufizi vimekuwa na rangi ya kahawia iliyokoza, usijaribu dawa ya nyumbani. Mtoe kwenye malisho hayo, asikimbizwe, na mpigie daktari wa mifugo wa wilaya saa hiyohiyo, kwa sababu tiba ipo lakini ni ya sindano na muda wake ni mfupi.

Kwa udongo na uchaguzi wa mbegu, safari ya Uyole, Mbeya, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI, inafaa kabla hujanunua tena. Nenda na mimea michache uliyoing'oa ikiwa na mizizi na udongo wake, mfuko wa mbegu, na maelezo ya tarehe ulizokata. Kama vitako vyako vimeoza hata kwenye kile kipande ambacho hukukikata, au kama shamba linakufa kwa mabaka ya mviringo, hiyo si barafu peke yake. Huenda ni ugonjwa au wadudu wa mizizi, na hilo linahitaji mtu alione kwa macho. Mwite afisa mifugo wa kata aje shambani asubuhi, siku inayofuata usiku wa baridi, ili aone hewa inatuama wapi kabla jua halijaifuta.